Wakili "anayejuana na hakimu" hatamtoa kijana wetu

Kundi la ukoo la WhatsApp halikulala juzi. Kijana wetu yuko mahabusu kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Kosa hilo halina dhamana, na akitiwa hatiani hakimu hana ruhusa ya kushuka chini ya miaka 30. Michango imeshaanza kuingia, likaja suala la wakili, yakatajwa majina mawili. Wa kwanza akasifiwa kwamba ofisi yake iko ghorofani, katikati ya mji. Wa pili akasifiwa kwa jambo moja tu: "Huyu anajuana na hakimu." Hapo kundi zima likaitikia, baba wadogo, mashangazi, hata watu ambao siku zote nawaheshimu kwa busara zao. Hakuna aliyeuliza kama kati ya hao wawili yupo aliyekwisha kuisoma hati ya mashtaka.

Nimekasirika, na naandika hasira ikiwa bado haijashuka.

Huyo anayejuana na hakimu anatuuzia nini hasa? Fedha ya "mzee", yaani ya huyo hakimu, haina risiti. Mambo yakiharibika hamna pa kumdai, na TAKUKURU, taasisi ya kuzuia rushwa, hamwendi kwa sababu nanyi mmo ndani ya kosa. Hakimu akihamishwa mwezi ujao mnaanza upya. Tena huenda hakimu mwenyewe hajui kwamba jina lake linauzwa mtaani. Haya, rushwa mahakamani ipo, siwezi kusimama hapa nikasema haipo. Lakini hata mtu akiachiwa kwa mlango wa nyuma, Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, ina haki ya kukata rufaa, na Mahakama Kuu haitauliza nani anajuana na nani. Itafungua mwenendo wa kesi na kusoma kilichoandikwa: shahidi alisema nini, akaulizwa nini, akajibu nini.

Hicho ndicho tunachomlipia wakili, kile kinachoingia kwenye mwenendo.

Kesi za unyang'anyi wa usiku mara nyingi husimama juu ya mguu mmoja: shahidi anasema alimwona mshtakiwa. Alimwonaje? Tangu 1980, katika shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani ilishasema kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu, na kwamba mtu asitiwe hatiani kwa huo mpaka uwezekano wa kukosea uwe umeondolewa wote. Shahidi alimtazama kwa muda gani? Kwa umbali gani? Mwanga ulikuwaje? Alimfahamu kabla? Wakili wa kesi hasa anaingia mahakamani na maswali hayo kichwani, na maelezo aliyoyatoa shahidi polisi yako mkononi mwake. Anauliza taa ilikuwa wapi. Anauliza ilikuwa taa ya umeme au mwanga wa simu. Anauliza, ulipofika kituoni usiku ule ule, ulimtaja nani? Kama shahidi alisema "siwajui" siku ya kwanza, kisha leo kizimbani anamnyooshea kidole kijana wetu, yule asiyeuliza swali hilo ametuuza, hata kama hakuchukua senti ya mtu.

Na kuna hili ambalo familia nyingi hulijua wakati maji yameshamwagika: shahidi akisema jambo zito na upande wenu usimdodose juu yake, mahakama huchukulia kwamba mmelikubali. Kwenye rufaa mtalia, mtaambiwa mlikuwa na nafasi yenu.

Vivyo hivyo na maelezo ya onyo, yale anayoandikisha mtuhumiwa polisi. Sheria inawapa polisi saa nne za msingi za kumhoji mtu tangu walipomshika, na kuongeza kuna utaratibu wake. Kama kijana alipigwa, au alihojiwa nje ya muda, pingamizi linatolewa kabla maelezo hayajapokelewa kuwa kielelezo, si wakati wa kujitetea. Tulioifuatilia kesi ya ugaidi ya Freeman Mbowe, mwenyekiti wa CHADEMA wakati huo, na wenzake 2021 tuliona kazi hiyo inavyofanywa. Peter Kibatala na mawakili wenzake walikaa siku baada ya siku kwenye kesi ndogo ndani ya kesi kubwa, ile ya kuamua kama maelezo yapokelewe, wakiuliza saa, wakiuliza kituo, wakiuliza kitabu cha mahabusu. Pingamizi la kwanza walishindwa, maelezo yakapokelewa. Lakini kila jibu la shahidi lilikuwa limeshaandikwa, na hawakuacha kuuliza mpaka Jamhuri ilipofunga ushahidi wake; Machi 2022 Mkurugenzi wa Mashtaka akaiondoa kesi.

Sasa kijana wetu anasema usiku ule alikuwa kwa mama yake mkubwa. Utetezi wa namna hiyo una utaratibu: taarifa itolewe mahakamani mapema, kabla kesi haijaanza kusikilizwa. Ukiibuliwa mwishoni, hakimu anaweza asiupe uzito wowote. Nani ataitoa taarifa hiyo, ikiwa wakili hajakanyaga gerezani kumsikiliza?

Huyo wa ghorofani simkatai. Uzoefu ni mali, nakubali. Ila aulizwe kama atasimama mwenyewe, au atamtuma kijana wa ofisini aombe ahirisho kila tarehe. Mimi ningemchukua wakili wa miaka michache anayeshinda mahakamani kwenye jinai kuliko mkongwe wa mikataba ya viwanja. Na yeyote atakayeanza na "mwambieni akiri tuyamalize" kabla ya kusoma jalada, aachwe. Makubaliano ya kukiri kosa yapo kisheria tangu 2019 na kuna watu yamewafaa, lakini hayawi neno la kwanza la mtetezi.

Jina litafutwe kwanza e-Wakili, mfumo wa mtandaoni wa kuhakiki mawakili, maana vishoka ni wengi. Malipo yaandikwe na risiti itolewe. Michango isipotimia, mahakama iombwe msaada wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inaruhusu, na kuomba si aibu.

Baba zangu wadogo, nawaomba kwa heshima zote: fedha isitumwe kwa mtu wiki hii. Waende wawili kwa hao mawakili na nakala ya hati ya mashtaka, wawape muda waisome, kisha waulize, shahidi wa kwanza wa Jamhuri utamuuliza nini? Atakayejibu kwa kutaja jina la hakimu, waage waondoke. Na kijana mwenyewe aulizwe. Mpaka sasa tumemchagulia kila kitu bila yeye kusema neno, wakati miaka hiyo 30 ni yake. Mama yake anakwenda kumwona Jumamosi, ampelekee majina yote mawili na majibu yao, atuletee alichosema.