Majina ya waliopewa msaada yabandikwe ukutani

Huku Dodoma mvua ikituharibia, iwe imegoma mwezi wa pili mahindi yanataka kubeba au imeshuka yote kwa mpigo ikalala na mpunga wa watu kule Bahi, kinachofuata ni kilekile. Anakuja mtendaji na bwana shamba, daftari mkononi, wanaandika nani kapoteza ekari ngapi, alafu kimya. Siku moja unasikia kwa bodaboda eti mahindi ya serikali yalishakuja na yalishagawiwa, fulani kapata, fulani ambaye hata jembe hana naye kapata, ila yule mama mjane ambaye uwele wake wote ulikaukia shambani hayumo. Ukiuliza orodha iko wapi unaambiwa iko wilayani.

Serikali kusaidia wakulima mimi sina shida nako kabisa, isaidie hata zaidi. Ninachodai ni karatasi moja tu ibandikwe ukutani ofisi ya kijiji: jina, kitongoji, hasara iliyoandikwa, alichopewa. Maana CAG, yule mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, hata awe mkali vipi hawezi kujua kwamba ekari nane za mtama zilizoandikwa kwa jina la shemeji wa mwenyekiti ni pori la miiba miaka yote, ila katoto kanakochunga mbuzi huko kanajua.

Aprili 2024 Waziri Mkuu alisimama bungeni hapahapa Dodoma akasema mvua za el nino zimeua watu 155 na kuathiri zaidi ya laki mbili. Sawa, namba kubwa kama hizo zinatufikia, redioni zinasomwa. Ila nani kapewa nini kwenye kijiji chetu, hiyo haijawahi kutufikia.

Wenzetu Marekani kuna shirika la kiraia linaitwa EWG, linachukua rekodi za wizara ya kilimo linaziweka mtandaoni, unatafuta eneo lako unaona mkulima gani kalipwa dola ngapi za ruzuku, za maafa zikiwemo. Na ndo watu wakaja kugundua fungu kubwa linaenda kwa wakulima wakubwa. Ulaya nako walikuwa wanachapisha majina, wakulima wa Ujerumani wakaenda mahakamani kulalamikia faragha wakashinda, hiyo 2010. Wakatulia wakarekebisha sheria, majina yakarudi, ila anayepata chini ya euro 1,250 kwa mwaka jina lake halitajwi. Hapo naona walitumia akili.

Najua na huku kuna aibu, mzee mwenye ng'ombe zake hapendi ijulikane kwamba kaomba debe la mahindi, na mimi simlaumu. Lakini jamani kijijini siri gani, gunia likipita na baiskeli kila mtu anaona limeingia nyumba gani! Anayefaidika na usiri ni aliyeandika orodha, sio huyo mzee.

Alafu sio kama tunaomba kitu cha ajabu. Katiba ibara ya 18 inatupa haki ya kupewa taarifa, sheria ya kupata taarifa ipo tangu 2016, mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa ukae kila baada ya miezi mitatu. Hata TASAF, ule mfuko wa maendeleo ya jamii, majina ya kaya maskini yanapelekwa kwenye mkutano, watu wanabishana wee mpaka jua linazama, huyu ana bati huyu ana mtoto mjini anamtumia hela, kelele tupu, ila angalau unajua nani kaingia na kwa nini. Sasa ya maafa inashindikana nini?

Na wakibandika waandike kilo, wasiandike gunia, maana kuna gunia la lumbesa, lililojazwa kupita kiasi, na kuna gunia lililopunguzwa njiani. Alafu wabandike kabla hawajaanza kugawa, ili mwenye malalamiko aende kwa mtendaji wakati mzigo bado uko stoo.