Siku Niliyoacha Kazi kwa Kiingereza Safi

Kiingereza changu cha kusoma hakina tatizo. Nipe mkataba wenye kurasa nyingi na maandishi ya kufinyana, nitakuonyesha mtego ulipo. Barua pepe zangu zina koma mahali pake. Kazi iko mdomoni. Kwenye vikao vyetu vya mtandaoni watu hutoka nchi mbalimbali na lugha ya pamoja ni Kiingereza. Mimi huandaa sentensi kichwani, nikakagua njeo, yaani wakati wa kitenzi, nikakagua umoja na wingi, nikarudi mwanzo kuhakikisha, na nikija kufungua mdomo nakuta ajenda imeshahama. Nimewahi kuchangia hoja ya bajeti wakati wenzangu wanatakiana mapumziko mema.

Mwanaisimu wa Marekani, Stephen Krashen, alilieleza jambo hili kwenye kitabu chake cha mwaka 1982: ndani ya mwanafunzi wa lugha kuna mkaguzi anayepitia maneno kabla hayajatoka, na mkaguzi huyo hawezi kazi bila kupewa muda. Wangu anataka muda, kiti na mihuri miwili. Na muda wenyewe haupo! Watafiti waliopima mazungumzo katika lugha 10 za dunia, wakachapisha matokeo mwaka 2009, walikuta kwamba kati ya swali kwisha na jibu kuanza kuna wastani wa milisekunde 200 hivi. Ni moja ya tano ya sekunde. Ndani ya muda huo mkaguzi wangu hajavaa hata miwani.

Halafu kuna suala la mdundo. Sisi wa Kiswahili tumezoea kila silabi ipate haki yake, na mkazo ukae pa kudumu, silabi ya pili kutoka mwisho. Kiingereza ni upendeleo mtupu. Silabi moja inabebwa juu juu, jirani zake zinamezwa mzimamzima. Neno "photograph" linabeba mkazo mwanzoni. Ongeza herufi mbili tu upate "photographer", mkazo umeshahamia silabi ya pili, bila barua wala taarifa. Mimi nilikuwa nagawa haki sawa kwa wote. "Comfortable" kwangu lilikuwa na silabi nne, zote zikiwa na afya njema. Wenzangu walinielewa, ila walikuwa wananielewa kwa kukunja paji la uso.

Nikaanza kutafuta dawa. Kuna utafiti wa mwaka 2017 uliofanywa Maastricht, Uholanzi, kwa Wajerumani 50 waliokuwa wamejifunza Kiholanzi siku za karibuni: waliopewa pombe kidogo walisikika wakitamka vizuri kuliko wenzao waliopewa maji. Mimi sinywi, na vikao vyetu ni asubuhi. Nikapita.

Dawa niliyoishika ni ya kufuatisha. Unaweka spika za masikioni, unasikiliza mtu anaongea, na wewe unasema yaleyale papo hapo, unamkanyagia visigino bila kusubiri amalize. Msomi mmoja wa lugha nyingi, Mmarekani Alexander Arguelles, ndiye aliyeivumisha njia hii, na anashauri uifanye ukiwa unatembea nje kwa hatua za haraka, mgongo umenyooka, sauti juu. Nilimtii. Naomba niwape taarifa: mtu mzima anayekuja kwa kasi huku akijisemesha Kiingereza kwa sauti hupishwa barabara nzima. Mama mmoja alimvuta mtoto wake akamwambia, "Usimtazame." Nikahamishia mazoezi nyumbani.

Nikapata mfululizo wa masomo ya sauti ya Kiingereza cha ofisini. Kila somo lina sehemu mbili. Kwanza unamfuatisha msemaji. Kisha msemaji mmoja anaondolewa, inabaki sauti ya mwenzake na nafasi tupu, na ni wewe wa kuijaza nafasi hiyo. Kulikuwa na somo la kupokea wageni, somo la kulalamikia printa, somo la kuomba ruhusa. Kulikuwa na somo la kuacha kazi.

Somo la kuacha kazi nililipenda kupita kiasi. Mfanyakazi wa kwenye somo lile hamwogopi mtu. Anaongea taratibu, anameza silabi za kumezwa, sauti inashuka mwisho wa sentensi kwa utulivu wa mtu mwenye akiba benki. Daktari mmoja wa Bulgaria, Georgi Lozanov, alikuwa na mbinu ya kuwapa wanafunzi wa lugha majina mapya na kazi za kubuni, ili aibu ibaki kwa mwenye jina la zamani. Nilimwelewa vizuri sana. Nikiwa mimi, nilikuwa naugua kigugumizi. Nikiwa yule bwana anayeacha kazi, hata kifua kilikuwa kinapanuka.

Sasa siku ya tukio. Kikao kinaendelea, zamu yangu imepita, mhasibu amefungua jedwali lake. Wanaomjua mhasibu wetu wanajua kwamba jedwali likifunguka, unaweza kwenda kuoga. Kamera nilikuwa nimeizima. Maiki nilikuwa nimeifunga, nikaangalia alama nyekundu, nikaangalia tena. Sauti ya kompyuta nikaipunguza ikawa ya nzi. Nikavaa spika za masikioni, nikafungua somo kwenye simu. Mezani kulikuwa na kamusi yangu ya Kiingereza, ile nene yenye jalada gumu, na ilikuwa imelala juu ya daftari langu. Nikaisogeza juu ya kompyuta.

Programu ile ya vikao ina ukarimu wake. Ukiwa umefunga maiki, ukabonyeza na kushikilia kile kitufe kirefu cha nafasi, maiki inafunguka mpaka utakapokiachia. Mtu akishikilia kwa kidole, atachoka. Kamusi haichoki.

Yaliyofuata nayajua kwa sababu kikao kilirekodiwa. Mhasibu yuko katikati ya tarakimu. Inaingia sauti yangu, nzito, imetulia:

"Asante kwa kunipa nafasi. Nimekuja kukueleza kwamba naacha kazi."

Mhasibu anakwama. Mkurugenzi anasogeza uso karibu na kamera. "Samahani?" anauliza.

Masikioni mwangu bosi wa kwenye somo alikuwa ananiuliza lake. Nikamjibu huyo. "Najua hukulitarajia hili."

"Hapana, sikulitarajia kabisa," anasema mkurugenzi wangu.

"Nimelifikiria kwa muda mrefu."

"Ni suala la mshahara?"

"Si suala la fedha."

Kwenye rekodi unamwona waziwazi mkurugenzi akishusha pumzi. Anauliza, kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake, "Basi ni nini?"

"Nadhani nimeshajifunza yote ambayo ofisi hii ingeweza kunifundisha."

Hapo mhasibu alizima kamera yake. Sijui kama alikuwa analia au anacheka, na sijamuuliza hadi leo.

"Tunaweza kulizungumza hili faragha, wewe na mimi?"

"Uamuzi wangu hautabadilika."

Aliyeandika somo lile apewe tuzo. Kila nafasi aliyoiacha ilimtosha mkurugenzi wangu kuuliza, na kila jibu lilikuwa la swali lake. Kwenye ujumbe wa pembeni watu walishaanza kuandika. Mmoja aliandika kwamba daima alikuwa ananiheshimu. Hajawahi kuniambia kabla. Mwingine aliuliza ile skrini kubwa ya ofisini niliyokabidhiwa itakwenda kwa nani. Wa tatu aliuliza swali ambalo, nilipoliona, Mungu anisamehe, nilisikia raha: "Kiingereza chake kimekuwa kizuri hivi tangu lini?"

Nami nilipoisikiliza rekodi ile, kabla ya aibu ilitangulia fahari. Nilikuwa nimemeza silabi zilizostahili kumezwa. Mkazo ulikuwa kila mahali palipotakiwa.

Somo likafika mwisho. Mwalimu akasema masikioni mwangu: vizuri sana, sasa turudie, na mara hii onyesha kujiamini zaidi.

Nikaacha kazi tena. Mara hii nilisimama.

Mke wangu alikuwa chumba cha pili. Kiingereza chake ni cha kuombea maji, lakini maneno yanayohusu riziki ya nyumba anayajua yote. Alisikia mara ya kwanza akadhani amesikia vibaya. Mara ya pili, kwa sauti ile ya kujiamini, mlango ulifunguka kwa kishindo akanichomoa spika ya sikio.

"Baba watoto! Umeacha kazi?"

"Nafanya mazoezi tu, mke wangu."

"Mazoezi ya kuacha kazi?"

Kabla sijamjibu, nikasikia jina langu likiitwa kwa sauti ya nzi kutoka kwenye kompyuta. Nikapandisha sauti. Nikaona nyuso zote zimenikodolea macho, mimi niliyekuwa sina hata kamera.

Mkaguzi akarudi kazini. Sentensi yangu ya kwanza ya Kiingereza halisi siku hiyo ilikuwa "No." Nikaikagua, iko sahihi, nikairudia. Ya pili ilikuwa kwamba nilikuwa nafanya mazoezi. Mkurugenzi akanyamaza kidogo. "Umekuwa ukifanya mazoezi ya kuondoka?" Nikasema ndiyo, kila siku, kwa sababu mkaguzi alikuwa ameshughulika na njeo akasahau maana. Nikaona nimekosea, nikaeleza kwamba aliyekuwa akiongea si mimi. Ulikuwa ukweli mtupu, na ndio uliowatisha zaidi.

Mwaka 2010 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Chicago, Shiri Lev-Ari na Boaz Keysar, walichapisha utafiti wa watu waliosikilizishwa sentensi za kawaida, mojawapo ikidai kwamba twiga anaweza kukaa bila maji muda mrefu kuliko ngamia. Sentensi zilipotamkwa kwa lafudhi ya kigeni, wasikilizaji waliziamini kidogo kuliko zilipotamkwa na mwenyeji wa lugha. Mimi nilikuwa upande wa twiga na upande wa ngamia kwa wakati mmoja. Kuacha kazi nilikuwa nimekusema kwa ufasaha, mara mbili, kwa hiyo kulikuwa kweli. Kukanusha nilikuwa nakukanusha kwa jasho na silabi zenye afya, kwa hiyo nilikuwa natishwa na mtu. Mmoja wao aliniuliza kama niko salama.

Nikalitafuta neno la "kuigiza" kichwani, halikuja. Nikainyanyua kamusi.

Nikalipata neno. Na, sijui kwa nini, labda kwa kuwa nilikuwa na ushahidi mkononi, nikaanza kueleza. Nilieleza habari za somo, za simu, za nafasi tupu, za bosi wa sikioni. Nilieleza bila kusimama, kwa sentensi ndefu ambazo zilijipanga zenyewe. Nilikuwa najisikia yule bwana wa somo. Nilipomaliza nikangoja wacheke.

Hawakucheka. Mkurugenzi alikuwa anaita jina langu, akasema, "Nadhani amekata."

Mke wangu ndiye aliyeiona alama nyekundu. "Maiki umeifunga," akasema, akanisukuma kando kwa nyonga. Nikamwambia kitufe kinachoifungua. Akakibonyeza kwa kidole gumba, akaishika meza kwa mkono wa pili, akaiinamia kompyuta akaanza. Nitaiweka kwa Kiswahili, kwa sababu kwa Kiingereza vitenzi vyake havikuwa na wakati uliopita wala ujao, na mkazo wote ulikaa silabi ya pili kutoka mwisho, kila neno bila kubakiza:

"Habari za asubuhi. Mimi mke. Yeye haachi kazi. Yeye anajifunza Kiingereza. Kila siku anaongea na simu. Chumbani anaongea. Bafuni anaongea. Mimi nimechoka. Kazi anaipenda. Asante."

Kikao kizima kikalipuka. Mhasibu alifungua kamera yake, kumbe alikuwa anacheka tangu mwanzo. Hakuna aliyekunja paji la uso, hakuna aliyemwomba arudie. Aliyeiulizia skrini yangu akaandika pembeni kwamba alikuwa anatania, na hakuna aliyemwamini.

Mkurugenzi alijifuta machozi, akamshukuru. Akamwambia kwamba wiki ijayo kuna wateja wapya, watu wa kuuliza maswali ya ghafla, na ofisi inahitaji mtu wa kuwajibu moja kwa moja bila kuzungukazunguka; je, yeye kwa sasa anafanya...

Mke wangu hakungoja amalize swali. Akamuuliza mshahara ni kiasi gani.