Ukali wa Baridi Yabisi Hausomeki Kwenye Damu Peke Yake

Kuna kauli inayonikera kila ninapoisikia: kwamba watu wa eneo fulani hupata baridi yabisi kali zaidi kwa sababu ndivyo walivyoumbwa. Husemwa kwa upole, wakati mwingine na wahudumu wa afya, na mgonjwa huondoka akiamini vidole vyake vilikwisha kuhukumiwa kabla hajazaliwa. Kauli hiyo inachanganya mambo mawili: nani yuko katika hatari ya kuugua, na nani ataumia zaidi akishaugua.

Nazungumzia baridi yabisi ya rumatoidi, ile ambayo kinga ya mwili hugeuka na kuushambulia utando wa viungo, utando ukavimba, kisha gegedu na mfupa vikalika. Sisemi ile inayotokana na viungo kuchakaa. Kwamba urithi unahusika halina ubishi. Mwaka 1978 Peter Stastny wa Texas alionyesha kuwa wagonjwa wengi walikuwa na alama moja ya kinga, HLA-DR4, mojawapo ya alama za HLA zinazousaidia mwili kutofautisha vilivyo vyake na vya kigeni. Mwaka 1987 Peter Gregersen na wenzake wakaeleza kwamba aina kadhaa za HLA-DRB1, jeni inayotengeneza alama hiyo, ingawa zina majina tofauti, hubeba kipande kifupi kinachofanana cha asidi amino (viunzi vya protini), kuanzia nafasi ya 70 hadi ya 74, na kipande hicho ndicho kinachohusishwa na hatari ya kuugua.

Ila kipande hicho hakikuja kwa sura moja duniani kote. Kwa watu wenye asili ya Ulaya kaskazini kinabebwa zaidi na aina ya jeni hiyo iitwayo DRB1*04:01. Japani na Korea ni 04:05, na kwa wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini ni 14:02. Nje ya HLA tofauti ni kubwa zaidi. Badiliko la jeni ya PTPN22 lililogunduliwa mwaka 2004, ambalo huongeza hatari kwa Wazungu, ni adimu mno au halipo kabisa Asia Mashariki na Afrika. Miongoni mwa Wamarekani weusi, utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulikuta ni robo tu ya wagonjwa waliokuwa na kile kipande cha HLA. Hao robo tatu waliobaki walikuwa wagonjwa kweli, wenye viungo vilivyovimba kweli. Ndiyo maana napinga kipimo cha hatari ya kurithi kilichotengenezwa kwa damu ya watu wa bara moja kisha kikapelekwa kwingine kana kwamba kinajua kila kitu. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2022 ulikusanya wagonjwa zaidi ya 35,000 wa asili tano tofauti, hatua ya kupongezwa, lakini wenye asili ya Afrika walikuwa takriban 1,000 tu.

Jeni zenyewe zina mipaka. Pacha wa kufanana wana urithi uleule, lakini mmoja akiugua, uwezekano wa mwenzake kuugua naye ni karibu asilimia 15. Huko Afrika Kusini, tafiti za miaka ya 1970 zilikuta ugonjwa huu kwa takriban asilimia 0.1 tu ya Watswana wa kijijini, huku Soweto ukikaribia asilimia 0.9. Pengo la namna hiyo kati ya kijiji na mji siwezi kuliegemeza kwenye urithi peke yake. Sigara nayo imeshakamatwa: kwa mwenye nakala mbili za kipande cha HLA, kuvuta kunaipandisha maradufu kwa maradufu hatari ya ugonjwa unaoambatana na anti-CCP, kingamwili zinazozishambulia protini za mwili wenyewe.

Je, jeni hazina neno kuhusu ukali? Zinalo. Wenye nakala mbili huelekea kuliwa mifupa mapema, na wenye anti-CCP vilevile. Lakini mtu wa namna hiyo akianza methotreksati, dawa ya kuudhibiti ugonjwa wenyewe, ndani ya miezi michache ya mwanzo, mara nyingi viungo vyake huokolewa. Na asiye na nakala hata moja, akikaa miaka mitatu akinywa dawa za kutuliza maumivu tu, anaweza kufika kliniki vidole vimepinda. Ukimpiga picha siku hiyo na kumlinganisha na mgonjwa wa eneo lingine aliyetibiwa mapema, utaona tofauti kubwa, nawe utashawishika kuiita tofauti ya damu. Hapo ndipo nasema hapana.

Kila utafiti unaolinganisha ukali kati ya maeneo ungeanza kwa kueleza ni miezi mingapi ilipita tangu uvimbe wa kwanza hadi dawa ya kwanza ya kuudhibiti ugonjwa, nani anavuta sigara, na nani ana anti-CCP. Baada ya hapo tuzungumze jeni. Na ambaye viungo vyake vidogo vya mikono vimevimba kwa wiki kadhaa, na kila asubuhi vinakakamaa kwa saa nzima au zaidi, aende akapimwe sasa, awe na ndugu mwenye ugonjwa huu au asiwe naye.