Vuka Daraja Uone kwa Nini Québec Inalinda Kifaransa

Ninaishi Gatineau, upande wa Québec, jimbo la Kanada ambalo wengi wake husema Kifaransa, na kazi yangu iko Ottawa, upande wa Ontario, jimbo la Kiingereza. Katikati ni mto tu. Basi la asubuhi huvuka daraja la Portage kwa dakika chache, lakini ukishuka ng'ambo lugha imeshabadilika. Upande wetu kibao cha kusimamisha magari kimeandikwa ARRÊT, muuza duka anakuamkia bonjour, na vijana wanataniana kituoni kwa Kifaransa chao kile cha kumeza maneno. Upande wa pili, katika mji mkuu wa nchi yenye lugha rasmi mbili, watu wale wale wanaanza kusema kwa sauti ya chini.

Ofisini kwetu tukikaa mezani watu tisa, saba wamelelewa kwa Kifaransa na wawili hawakijui, mkutano mzima huenda kwa Kiingereza. Hakuna aliyelazimisha. Saba wanawapisha wawili, kwa adabu, wiki hadi wiki. Nina miaka sita pale na sijaona hata siku moja wawili wakiwapisha saba.

Ndugu na marafiki wa Dar es Salaam na Nairobi huniuliza: "Kaka, huko kwenu mna nini na Kifaransa? Si dunia yote imeshahamia Kiingereza?" Habari za Québec zinawafikia kupitia vyombo vya Kiingereza, na humo Québec huonekana kama jimbo la watu wenye kinyongo, wenye kupima maandishi ya mabango kwa futi kamba. Mimi ni mtu wa Bukavu. Kifaransa kwetu kililetwa na Wabelgiji, kwa hiyo sina sababu ya kukipigia magoti. Lakini watu wa Québec hawakiazimi kwa mtu. Ni lugha ya mama zao kwa zaidi ya miaka 400, na wana haki kamili ya kuilinda kwa sheria, tena sheria kali. Anayebisha namwomba avuke daraja, aende mtaa wa Murray, Ottawa.

Katika mtaa ule lipo jengo la iliyokuwa shule ya Guigues. Mwaka 1912 serikali ya Ontario ilitoa Kanuni ya 17, iliyobana ufundishaji kwa Kifaransa usipite miaka miwili ya mwanzo ya shule ya msingi. Walimu wawili, Béatrice na Diane Desloges, dada kwa dada, wakakataa. Walipozuiwa waliendelea kufundisha mahali pengine mtaani, na watoto wakawafuata. Januari 1916 akina mama wa mtaa wakawarudisha shuleni, kisha wakabaki hapo kulinda milango. Polisi walipokuja kuwatoa wale walimu, wakawakuta akina mama wameshika pini ndefu za kofia na vifaa vya jikoni. Nafikiria baridi ya Januari ya hapa, ile inayokausha pua ndani, na mwanamke amesimama mlangoni na pini mkononi ili mwanawe afundishwe hesabu kwa lugha ya nyumbani. Kanuni ile ililegezwa mwaka 1927. Miaka 15. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza ilipoanza alikuwa tayari mtu mzima.

Ontario haikuwa peke yake. Manitoba, iliyoingia Kanada mwaka 1870 kwa ahadi ya lugha mbili, ilifuta hadhi rasmi ya Kifaransa mwaka 1890. Wala haya si mambo ya kale tu. Mwaka 1997 serikali ya Ontario ilitaka kuifunga Montfort, hospitali ya Ottawa inayohudumia na kufunza madaktari kwa Kifaransa. Gisèle Lalonde, aliyewahi kuwa meya wa Vanier, akakusanya watu wapatao 10,000 kwa siku moja, kesi ikaenda mahakamani, na mwaka 2001 Mahakama ya Rufani ya Ontario ikaamua hospitali ibaki. Inabaki mpaka leo. Mwaka 2018 serikali nyingine ya jimbo hilo hilo ikafuta bajeti ya chuo kikuu cha Kifaransa kabla hakijafungua milango, na watu wakarudi barabarani. Wakati huo wasemaji wa Kiingereza wa Québec, wanaosemwa kuwa wanaonewa, wana vyuo vikuu vitatu vya lugha yao, McGill, Concordia na Bishop's, na hospitali zao, na shule zao.

Basi tofauti ya kingo mbili za mto huu haikutokana na mapenzi. Wasemaji wa Kifaransa wa Ontario wanaipenda lugha yao sawasawa na majirani zao wa Gatineau. Tofauti ni kwamba Québec ina bunge ambalo wao ndio wengi ndani yake.

Na hata huko Québec wingi wenyewe haukutosha. Tume ya Laurendeau na Dunton, iliyoundwa na serikali ya Kanada mwaka 1963 kuchunguza hali ya lugha mbili nchini, iliangalia mapato ya wanaume wa Québec kwa takwimu za 1961, ikaona kwamba wenye asili ya Kifaransa walikuwa wa 12 kati ya makundi 14. Kwao, nchini kwao, wakiwa wanne kati ya kila watu watano. Bosi wa kiwanda cha Montréal alisema Kiingereza, na mwenye kutaka kupanda cheo alikiacha Kifaransa nje ya geti. Wahamiaji nao waliona hayo, wakawapeleka watoto wao shule za Kiingereza. Siwalaumu. Mzazi yeyote humpeleka mtoto kwenye lugha inayolipa mshahara, na sisi wa Bukavu tunalijua hilo kuliko wengi.

Ndiyo maana naiheshimu sana Sheria 101 ya Agosti 1977, kazi ya waziri Camille Laurin katika serikali ya René Lévesque, waziri mkuu wa Québec wakati ule. Laurin alikuwa daktari wa magonjwa ya akili, na nadhani alielewa mtu anavyojisikia anapoambiwa lugha yake haifai kazini. Sheria ile haikuwaamuru watu wazungumze nini sebuleni. Ilishika mahali lugha inapopatia mkate: kazi, shule, duka, ofisi ya serikali. Mfanyakazi akapata haki ya kufanya kazi kwa Kifaransa. Watoto wa wahamiaji wakaelekezwa shule za Kifaransa, wanangu wawili wakiwemo. Leo watoto wasio na Kifaransa wala Kiingereza kama lugha ya kwanza husoma kwa Kifaransa kwa kiwango cha karibu tisa kati ya kumi. Mabango je? Baada ya mvutano mrefu na Mahakama Kuu ya Kanada, tangu 1993 duka linaweza kuandika na lugha nyingine, ilimradi Kifaransa kitawale waziwazi. Hicho ndicho kinachoitwa ukandamizaji.

Tukija kwenye siasa za leo, kinachoniuma ni wepesi wa kuishtaki Québec. Septemba 2021, katika mdahalo wa Kiingereza wa viongozi wa vyama, mwendesha mdahalo alimuuliza Yves-François Blanchet wa Bloc Québécois, chama kinachoitetea Québec katika bunge la Kanada, swali lililokwisha kutangulia kuzihukumu Sheria 21 na muswada wa 96 kuwa za kibaguzi. Hizo ni sheria mbili tofauti. Ya 21 inahusu alama za dini kwa baadhi ya watumishi wa serikali, na mimi siiungi mkono, kwa sababu mwalimu aliyevaa hijabu hajamnyang'anya mtu lugha. Ya 96 ni ya lugha. Kuzifunga kamba moja ni kumwambia mtu kwamba kuitetea lugha yake na kumbagua jirani ni jambo lile lile. Miezi miwili baadaye mkuu wa Air Canada, Michael Rousseau, alitoa hotuba Montréal karibu yote kwa Kiingereza, kisha akaeleza kwamba ameishi mji ule miaka 14 bila kuhitaji Kifaransa. Shirika lile linabanwa na sheria ya lugha rasmi, na makao yake yako Montréal. Aliomba radhi. Lakini alisema kweli tupu: inawezekana kabisa. Sensa ya 2021 inaonyesha wanaotumia Kifaransa zaidi nyumbani Québec wameshuka toka asilimia 79.0 mwaka 2016 hadi 77.5. Kanada nzima ni 19.2. Watu wapatao milioni nane, wamezungukwa na zaidi ya milioni 300 wa Kiingereza, halafu wanaambiwa wanatia chumvi.

Sasa nawageukia watu wangu wa Québec, maana nawatetea na nina haki ya kuwadai. Sheria 96 ya mwaka 2022 inasema mhamiaji akishapita miezi sita, serikali itawasiliana naye kwa Kifaransa peke yake, isipokuwa katika mambo kama afya na usalama. Miezi sita! Mama aliyetoka kambini, hajawahi kushika kalamu darasani, bado anajifunza kupanda basi kwenye theluji. Halafu vuli ya 2024 vituo kadhaa vya elimu ya watu wazima vikafunga madarasa ya Kifaransa kwa sababu fedha zimekwisha. Huwezi kumdai mtu lugha huku umemfungia mlango wa darasa. Na Waanishinabe, wenye ardhi hii tunayoishi, walipolalamika pamoja na mataifa mengine ya asili kwamba sheria inawatwika lugha ya pili ya kikoloni juu ya ya kwanza, walistahili kusikilizwa kwanza kabisa, na watu wanaojua maumivu hayo.

Karibu na kwetu anaishi mama mmoja wa Uvira. Jina lake liko kwenye orodha ya kusubiri darasa tangu majira ya joto. Jumamosi saa nne asubuhi huja kwetu na daftari, na mke wangu anamfundisha mezani jikoni, Kiswahili upande mmoja wa ukurasa na Kifaransa upande wa pili. Wiki iliyopita walikuwa kwenye maneno ya duka la dawa. Binti yangu wa miaka tisa anamsahihisha matamshi, na analisema neno ordonnance, yaani cheti cha dawa cha daktari, kama mtoto wa Gatineau hasa, herufi za katikati zote kazimeza.