Tufunge kwanza au tupime kwanza?

Mwaka 1998 watafiti wa Uingereza walikuwa wakipima sakafu ya bahari kaskazini magharibi mwa Scotland, kwenye kina cha takribani mita 1,000, vyombo vyao vikaonyesha vichuguu vya mchanga, mamia kwa mamia. Juu yake yameota matumbawe ya maji baridi, yale yanayoishi gizani bila kuhitaji jua. Eneo likaitwa Darwin Mounds. Mwaka 2000 kamera ziliposhushwa tena, zilikuta michirizi ya nyavu za kukokota imekata katikati ya vichuguu, na matumbawe yamelala vipande vipande. Marufuku ilikuja Agosti 2003.

Kisa hiki hunijia kila nikisikia mtu akisema tusubiri ramani ya sakafu ya bahari ikamilike ndipo tuzungumzie kufunga maeneo yasivuliwe. Tawi la matumbawe haya hurefuka milimita chache kwa mwaka, likibahatika sana sentimita mbili na kidogo. Trola, yaani wavu wa kukokota, hulipitia kwa sekunde.

Na ramani yenyewe iko wapi? Kufikia katikati ya 2025, mradi wa kimataifa wa Seabed 2030 ulihesabu kwamba asilimia 27.3 tu ya sakafu ya bahari imepimwa kwa viwango vya kisasa. Hata hiyo ni kwa mwangwi: meli inapiga sauti, sauti inagonga chini na kurudi, unapata umbo la mlima au bonde. Kama juu ya mlima huo kuna matumbawe hai au jiwe tupu, mpaka ushushe kamera. Utafiti uliochapishwa mwaka 2025 ulikadiria kwamba sehemu ya kilindi iliyowahi kuonekana kwa macho haifiki asilimia 0.001.

Katika hali hiyo Umoja wa Ulaya uliamua kutosubiri. Sheria yake ya mwaka 2016 ilipiga marufuku trola kwenye kina kinachozidi mita 800. Kuanzia mita 400 ikataka yafungwe, kwa zana zote zinazogusa chini, maeneo ambako makazi dhaifu yanajulikana kuwepo au yanaelekea kuwepo. Hapo kwenye "yanaelekea" ndipo ugomvi ulipoanzia. Septemba 2022 yakatangazwa maeneo 87 mbele ya pwani za Ireland, Ufaransa, Hispania na Ureno, jumla kilomita za mraba 16,419. Wanasayansi walikuwa wameigawa bahari kwa miraba midogo, kila mraba ukapewa uzito kulingana na rekodi za matumbawe, sponji na viumbe wenzao.

Hispania na wavuvi wa Galicia, jimbo lake la kaskazini magharibi, walikwenda mahakamani. Tuwasikilize, maana hoja yao si ya uchoyo. Wengi wao hawavuti trola. Wanatumia kile ambacho sisi pwani tunakiita dhulumati: kamba ndefu yenye ndoana nyingi, inatandazwa na kuachwa itulie, kisha inavutwa. Wanauliza kwa nini mtu wa ndoana ahukumiwe sawa na mtu wa trola, tena kwa mraba ambao pengine hakuna aliyewahi kuuona. Juni 2025 mahakama ya Umoja wa Ulaya iliyoko Luxembourg ilikataa madai yao: sheria inataja zana zote za chini, na tahadhari haidai uthibitisho kamili.

Kisheria nadhani mahakama ilikuwa sahihi. Kimadhara, wavuvi wana hoja nzito. Ni kweli dhulumati huvunja pia. Kamba ikivutwa hujikwaa kwenye tawi, na tawi hupanda nayo. Lakini utafiti wa visiwa vya Azores, uliochapishwa 2014, ulikadiria kwamba ili kung'oa matumbawe sawa na yanayong'olewa na mkokoto mmoja wa trola, ungehitaji kutandaza dhulumati kati ya 296 na 1,719. Tofauti ya namna hiyo sheria haipaswi kuifumbia macho.

Wapo wanaopendekeza njia nyingine, ya kilo. Katika bahari kuu ya kaskazini mashariki mwa Atlantiki, wavu ukileta zaidi ya kilo 30 za matumbawe hai au kilo 400 za sponji, meli lazima iondoke pale. Inavutia, kwa kuwa haihitaji ramani. Lakini fikiria kilo 30 za matumbawe juu ya sitaha. Hizo ni zile zilizobaki wavuni. Mengine yamesagika huko chini au yamepenya kwenye matundu. Sheria inaanza kufanya kazi baada ya hasara, na anayepima ni yule yule aliyevua. Siwezi kuiunga mkono kama kinga pekee.

Upande wetu wa Bahari ya Hindi kuna mfano unaonipa matumaini. Mwaka 2006 kampuni za uvuvi wa kilindi zenyewe zilitaja maeneo ambayo meli zao zingeyaepuka, kwa sababu manahodha walikuwa na ramani zao za miaka mingi. Mwaka 2018 nchi wanachama wa mkataba wa uvuvi wa kusini mwa Bahari ya Hindi zikafunga kwa muda maeneo matano, likiwemo Walters Shoal kusini mwa Madagaska. Trola zikatolewa, ndoana na mitego vikaruhusiwa kubaki. Na Tanga tunakumbuka: silikanti, wale samaki wa kale wa kilindi, walianza kunaswa na majarife, nyavu za wavuvi wetu, mwaka 2003, na hifadhi yao ikatangazwa 2009. Mvuvi ndiye aliyeonyesha walipo.

Kwa hiyo msimamo wangu ni kufunga kwanza, kisha kwenda kutazama. Sheria ya Ulaya inataka orodha ya maeneo ipitiwe kila mwaka, na hilo ndilo deni ambalo wavuvi wa Burela na Celeiro, bandari za Galicia, wana haki ya kulidai. Zifungwe kamera kwenye dhulumati zao, walipwe kwa siku za upimaji. Mraba utakaokutwa mtupu warudishiwe msimu unaofuata. Utakaokutwa na matumbawe ubaki umefungwa, hata kwa ndoana.