Anayemlisha mwanaapolo ni nani?

Hapa Arusha ukitaja Mirerani, kwenye machimbo ya tanzanite, watu wanarukia jina la Saniniu Laizer. Juni 2020 aliiuzia serikali mawe mawili ya tanzanite, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1, kwa shilingi bilioni 7.7 na ushee. Habari tamu, sikatai. Ila Laizer ni mmiliki wa mgodi, na wanaozama shimoni ni watu wengine kabisa.

Mwanaapolo, yaani huyo mchimbaji anayezama shimoni, kwa kawaida ni kijana wa kiume, na mara nyingi si mwenyeji wa Simanjiro, wilaya yenye machimbo hayo. Katoka Kilimanjaro, Singida, Kondoa. Mjini tunasema kafuata utajiri wa haraka. Mimi naona malipo ndiyo yanayochagua nani azame. Kwenye migodi mingi ya wachimbaji wadogo hakuna mshahara: mwenye mgodi anatoa chakula, baruti na vifaa, jiwe likitoka mnagawana. Lisipotoka, miezi inakatika watu wanakula na kuchimba tu. Kazi ya namna hiyo ataiweza nani? Aliye na watoto wanaodai sare na daftari haiwezi. Anabaki kijana asiye na mke, au yule aliyemwacha mke na watoto kwa wazazi wake. Huyu wa pili ndiye anayenisumbua. Babu na bibi kule Kondoa wanalea wajukuu kwa mahindi yao wenyewe ili shimo liendelee kuchimbwa, na siku ya mgao hakuna anayewakumbuka.

Wanawake wachache sana huzama. Wapo wanaoamini kuwa mwanamke huleta mkosi shimoni (chakula anachokipika hakina mkosi, sijui kwa nini). Basi wengi wako juu: wanachekecha vifusi, ni mama lishe, wachache ni madalali. Kipato chao ni kidogo, lakini ni cha siku kwa siku, na kwa mwenye watoto hilo ndilo la maana.

Na kuzama kwenyewe ni hatari: maji yaliingia migodini mwaka 1998 na tena 2008, yakaua makumi ya watu. Tangu 2018 kuna ukuta wa kilomita 24 kuzunguka machimbo, na anayetoka anapekuliwa asije akaficha jiwe. Leseni ya mchimbaji mdogo hutolewa kwa Mtanzania pekee. Vizuri. Basi anayeihuisha aoneshe kwanza mkataba wa maandishi wa kila mwanaapolo wake, wenye asilimia ya mgao na posho ya mwezi inayotumwa nyumbani, jiwe litoke lisitoke.