Chembe za nano zinazofunguka kwenye asidi: kufuli tunayo, njia je?

Kila ikitoka habari ya chembe za nano, yaani vijichembe vidogo mno visivyoonekana kwa macho, zinazobeba dawa ya kansa na kuimwaga palipo na asidi tu, watu wanashangilia kama vile kemo ya kunyonyoa nywele na kutapisha imeshazikwa. Furaha hiyo naielewa kabisa, maana wazo lenyewe ni zuri mno. Damu ina pH (kipimo cha asidi, kikishuka ndo asidi inazidi) ya 7.4 hivi, ila seli nyingi za kansa zinachoma sukari hovyo na kutema asidi hata oksijeni ikiwepo, jambo ambalo Otto Warburg aliliona tangu miaka ya 1920, kwa hiyo mazingira ya uvimbe yanaweza kushuka hadi 6.8 au chini zaidi. Unatengeneza chembe inayotulia kwenye damu, ikifika kwenye uvimbe inalegea inaachia dawa ya kemo kama doksorubisini, na moyo, ambao dawa hii inauumiza sana, unapumzika.

Sasa piga hesabu. Kutoka 7.4 hadi 6.8 asidi inaongezeka kama mara 4 tu, na kupata kufuli ya kikemia inayoshika kabisa huku na kuachia kabisa kule kwa tofauti ndogo hivyo ni kazi kwelikweli. Mi naamini zaidi asidi ya ndani ya seli: chembe ikishamezwa inaishia kwenye lisosomu, vile vifuko vya kumeng'enyea, pH inafika 5 au chini, yaani asidi mara 250 ya damu, hapo kufuli inafunguka bila ubishi. Shida ni kwamba seli zenye afya nazo zina lisosomu, kwa hiyo asidi peke yake haijui nani mgonjwa nani mzima.

Mfano upo. Mylotarg, dawa ya kansa ya damu, sio chembe ya nano, ni kingamwili iliyofungiwa sumu kwa kiungo kinachokatika kwenye asidi. Marekani iliipitisha 2000, ikaondolewa sokoni 2010 kwa sababu ya madhara na faida kutoonekana, ikarudi 2017 kwa dozi ndogo zaidi. Kiungo ni kilekile, kilichobadilika ni dozi!

Halafu kuna safari yenyewe, na hapa ndo roho inaniuma. Uchambuzi wa 2016 uliokusanya tafiti za miaka 10 ulikuta kwa kawaida asilimia 0.7 tu ya dozi ndo inafika kwenye uvimbe wa mnyama. Nyingi inadakwa na ini na bandama. Na zile sehemu za uvimbe zenye asidi kali mara nyingi ziko mbali na mishipa ya damu, yaani palepale chembe zinapohangaika kufika.

Ila nisieleweke vibaya, sisemi waache. Doxil, yaani doksorubisini iliyofungwa ndani ya vijichembe vya mafuta, ilipitishwa 1995 bila kufuli yoyote ya asidi, na faida yake kubwa ilikuwa kuupunguzia moyo mzigo, na kwa mgonjwa hilo sio jambo dogo hata kidogo. Ndo maana nikisoma utafiti mpya wa panya naanza kutafuta ini limepata kiasi gani kabla sijaangalia uvimbe umesinyaa vipi, maana uvimbe wa panya wa maabara unakua haraka na mishipa yake inavuja kuliko ya binadamu.